Nani Asimame Kando ya Kitanda? Msindikizaji katika Uchunguzi wa Mwili, Turkana

Mume ana haki ya kuingia mkewe anapochunguzwa? Muuguzi aliyesimama kando ya kitanda yuko pale kwa ajili ya mgonjwa au kwa ajili ya daktari? Mgonjwa anaweza kumwambia atoke? Na tabibu mwanamume aliye peke yake zamu afanye nini mama anapofikishwa akitokwa damu? Ni maswali ya kawaida kwa yeyote anayekwenda kliniki, Lodwar au Kakuma, na ni machache sana yaliyowahi kujibiwa waziwazi mbele ya wanaoyauliza. Mkanganyiko huo una gharama yake. Mwanamke asiyejua kitakachompata nyuma ya pazia huahirisha safari, na saratani ya mlango wa kizazi haimsubiri.

Uchambuzi huu unapima majibu manne yanayoshindana. Kila moja lina kasoro, lakini kasoro hizo hazilingani uzito.

Kazi ya mtu wa tatu

Msindikizaji anayezungumziwa hapa ni mtu wa tatu anayekuwamo chumbani wakati mhudumu wa afya anapochunguza matiti, sehemu za siri au njia ya haja kubwa. Anatarajiwa kufanya mambo matatu: kumtuliza mgonjwa, kushuhudia kinachotendeka, na kusimamisha uchunguzi ukivuka mpaka. Kwenye karatasi mambo hayo yanapatana. Chumbani hugombana. Shahidi mzuri anahitaji kuona mikono ya daktari, ilhali mgonjwa anataka macho machache iwezekanavyo. Na wa kusimamisha uchunguzi lazima awe mtu asiyemwogopa daktari, asiyetegemea daktari huyohuyo kwa kibarua chake. Mfagiaji aliyeitwa kwa haraka kutoka uani hana uwezo huo hata akiwa na moyo mwema.

Kuna watu wengine wanne wanaochanganywa naye. Mkalimani yupo kwa ajili ya maneno. Ndugu yupo kwa ajili ya familia. Mwanafunzi wa uuguzi yupo kujifunza, na kuwapo kwake kunahitaji idhini ya peke yake. Askari aliyemleta mtuhumiwa, au aliyemleta manusura wa ubakaji, yupo kwa ajili ya kesi. Kumhesabu yeyote kati yao kuwa msindikizaji kwa sababu tu yumo chumbani ndicho chanzo kikubwa cha mvurugano tulio nao.

Turkana ilivyo

Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 926,976 katika kaunti yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko Lodwar. Kakuma iko umbali wa takriban kilomita 120 kuelekea mpaka wa Sudan Kusini. Nariokotome, kijiji cha ukingo wa magharibi wa Ziwa Turkana kinachojulikana duniani kwa mifupa ya kijana wa kale iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, kiko Turkana Kaskazini, mbali na Lodwar na Kakuma. Huko afya ya watu hutegemea zahanati ndogo, misheni ya Kikatoliki na kliniki tembezi zinazowafuata wafugaji na wavuvi.

Zahanati, katika mpangilio wa Kenya, ni kituo cha daraja la pili. Haina daktari. Huendeshwa na wauguzi, na vijijini mara nyingi ni muuguzi mmoja ambaye ndiye anayechanja watoto, anayezalisha, anayegawa dawa na kujaza rejista. Kanuni inayodai wahudumu wawili kwa kila uchunguzi wa siri ikifika hapo hugonga mwamba. Muuguzi huyo ana njia mbili tu: aivunje kanuni, au amrudishe mama aliyetembea nusu siku kwenye jua la Turkana.

Historia ya kaunti hii inafundisha jambo kuhusu mahali pa kuchunguzia. Katika miaka ya 1980 shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kupambana na ugonjwa wa haidatidi, unaotokana na minyoo ya mbwa na kuleta vivimbe tumboni, ambao Turkana iliugua kwa kiwango cha juu kuliko karibu sehemu yoyote duniani. Vipimo vya ultrasaundi vilipelekwa hadi kwenye maboma. Kazi hiyo ilistahili sifa kwa sababu ilimfuata mfugaji alipo. Lakini tumbo ni kitu kimoja na njia ya uzazi ni kingine. Kliniki ya chini ya mti inayotosha kwa chanjo na kwa tumbo haitoshi kwa uchunguzi wa mlango wa kizazi, na mipango mingi ya huduma tembezi hupangwa kana kwamba tofauti hiyo haipo.

Kakuma ina ugumu wa aina nyingine. Kambi ilianzishwa 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata katikati ya muongo uliopita. Wanaoishi humo wametoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko. Katika foleni moja kuna Kinuer, Kidinka, Kisomali, Kioromo, Kirundi na Kiswahili. Mkalimani kwa kawaida ni mkimbizi mwenzao anayelipwa posho, ambaye huenda ni jirani, ni wa ukoo mmoja na mgonjwa, au ni wa ukoo uliopigana na wake. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilipokata misaada, mashirika yanayohudumia wakimbizi yalilazimika kupunguza huduma. Wafanyakazi wakipungua, mtu ambaye kazi yake ni kusimama tu na kuangalia ndiye wa kwanza kuonekana wa ziada.

Sheria inaposema na inaponyamaza

Katiba ya 2010 inalinda utu katika ibara ya 28, faragha katika ibara ya 31, na haki ya afya katika ibara ya 43. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe anachofanyiwa kwa lugha anayoielewa, akubali kabla ya kuhudumiwa, na aheshimiwe faragha yake. Dharura imewekewa nafasi yake: mtu aliye hatarini hutibiwa kwanza. Kwa hiyo swali la mama anayetokwa damu lina jibu. Tabibu amhudumie mara moja, amwite yeyote anayefaa kadiri inavyowezekana, kisha aandike alichofanya na sababu yake.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 24, inamlenga mfanyakazi wa hospitali anayetumia nafasi yake kufanya ngono na mgonjwa, hata pale tendo lenyewe lisipofikia kiwango cha ubakaji. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 10. Ni sheria kali. Lakini inafanya kazi baada ya madhara, na inahitaji ushahidi, ambao kwa kawaida ni neno la watu wawili waliokuwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Sheria ya Afya haimlazimishi mhudumu kuwa na msindikizaji. Kwa sababu hiyo kila kituo hujitungia desturi yake, na mgonjwa aliyezoea ya Lodwar akifika Kakuma haijui ya huko.

Jibu la kwanza: awepo kila mara

Wanaotetea msimamo huu wana hoja nzito. Nchini Uingereza, daktari Clifford Ayling wa Kent alihukumiwa mwaka 2000 kwa kuwadhalilisha kingono wagonjwa wake wanawake. Tume iliyochunguza jinsi alivyoweza kuendelea kwa miaka mingi ilitoa ripoti 2004, ikasema kazi ya msindikizaji ifanywe na mtu aliyefunzwa, isiachiwe ndugu wa mgonjwa wala karani wa mapokezi. Nchini Marekani, chuo cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake kilipendekeza Januari 2020 kwamba msindikizaji awepo katika kila uchunguzi wa matiti, sehemu za siri na njia ya haja kubwa, daktari awe mwanamume au mwanamke. Uzuri wa kanuni ya namna hiyo ni kwamba haimwachii mgonjwa mzigo wa kuomba. Msichana wa miaka 17 hahitaji kukusanya ujasiri wa kumwambia mkubwa wake kwamba hamwamini.

Kanuni hiyo humlinda pia mhudumu. Tabibu kijana aliyetoka kaunti nyingine, asiyejua Kiturkana, anaweza kuharibikiwa na uvumi mmoja tu hata kama hakutenda kosa. Hofu hiyo ni ya kweli na hakuna sababu ya kuidharau.

Udhaifu wa kanuni hiyo unaonekana katika mifano miwili ya ng'ambo. Larry Nassar, daktari wa timu ya wanasarakasi wa viungo wa Marekani aliyehukumiwa 2018, aliwanajisi wasichana wakati mwingine mzazi akiwa chumbani humohumo, kwa kujipanga mahali ambapo mzazi hakuona mikono yake, na kwa kuyaita aliyoyafanya kuwa tiba. Nchini Australia, mapitio yaliyoongozwa na Ron Paterson mwaka 2017 yalichunguza utaratibu wa kuwaruhusu madaktari wanaotuhumiwa kuendelea na kazi wakiwa na msindikizaji, na yakapendekeza uachwe kwa kuwa haukuwalinda wagonjwa ipasavyo. Mtu wa tatu asiyejua anachopaswa kuona ni pambo tu.

Kwa Turkana kuna gharama nyingine ambayo wapenda kanuni kali huipita haraka: siri. Katika kijiji kama Nariokotome, ambako kila mtu anamjua mwenzake kwa ukoo na kwa mifugo, mtu mmoja zaidi chumbani ni mdomo mmoja zaidi nje. Mwenye ugonjwa wa zinaa, mwenye VVU, binti mwenye mimba isiyojulikana nyumbani, wote wana sababu ya kutaka kuwa na mhudumu peke yake. Ukimlazimishia shahidi, atakaa nyumbani na ugonjwa wake.

Jibu la pili: ndugu anatosha

Hili ndilo linalokaa karibu zaidi na maisha ya watu. Kwa Waislamu, wakiwamo Wasomali wa Kakuma, mwanamume na mwanamke wasio maharimu hawakai faragha peke yao. Wanazuoni wameruhusu matibabu ya jinsia tofauti panapo haja, kwa sharti kwamba maharimu au mwanamke mwaminifu awepo. Ni kusema kwamba wazo la mtu wa tatu lilikuwa Afrika Mashariki karne nyingi kabla ya baraza lolote la madaktari kuliandikia mwongozo. Kwa Waturkana nako, uzazi umekuwa mambo ya wanawake wazima wa boma, na mwanamke aliyezoea kuzungukwa nao huuona upweke wa chumba cha hospitali kuwa ndio ugeni.

Ndugu hana malipo, yupo tayari, anajua lugha. Katika kumtuliza mgonjwa, hashindwi na yeyote. Tatizo liko kwenye kazi ile ya pili na ya tatu. Hajui uchunguzi halali unafananaje, kwa hiyo hawezi kuutambua usio halali. Na kuna nyakati ambapo ndugu mwenyewe ndiye hatari. Mke aliyepigwa na mumewe hawezi kueleza michubuko akiwa ameshikwa mkono na aliyempiga. Mama mkwe akiwamo, swali kuhusu uzazi wa mpango halitaulizwa wala halitajibiwa. Mhudumu anayesema "mume wake alikuwapo" kana kwamba amemaliza wajibu wake amekwepa swali la msingi: mgonjwa alitaka awepo?

Jibu la tatu: mwanamke amchunguze mwanamke

Wengi hulitoa hili kama suluhisho linalofuta mengine yote. Pale linapowezekana, lifuatwe, kwa sababu ndilo wanawake wengi wanaloomba. Lakini haliwezekani kila mahali. Kituo chenye mhudumu mmoja kina jinsia moja, na huduma ya dharura haichagui zamu.

Zaidi ya hayo, jinsia moja si dhamana ya utu. Mwaka 2007 chama cha wanasheria wanawake, FIDA Kenya, pamoja na kituo cha haki za uzazi cha Marekani walichapisha ripoti kuhusu matusi na mateso katika wadi za uzazi za Kenya, mahali ambapo wahudumu wengi ni wanawake. Mwaka 2013 mwanamke alijifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma, akapigwa na kutukanwa na wauguzi. Machi 2018 Mahakama Kuu ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5. Kesi hiyo ilipata nguvu kwa sababu tukio lilirekodiwa kwa simu. Palikuwa na jicho la tatu, na halikuwa la hospitali.

Jibu hili pia humsahau mgonjwa mwanamume. Turkana, ambako tohara si mila ya wenyeji, ni miongoni mwa maeneo yaliyolengwa na mpango wa serikali wa tohara ya hiari ili kupunguza maambukizi ya VVU. Vijana na wazee walilala kwenye vitanda vya kliniki kwa ajili hiyo. Aibu yao ni aibu kama nyingine, na ni nadra mno mwanamume kuulizwa kama angependa fulani awepo au atoke.

Jibu la nne: mgonjwa aamue

Hili linaheshimu katiba kuliko mengine. Mhudumu anaeleza anachotaka kufanya na kwa nini, anauliza kama mgonjwa anataka mtu wa kusimama naye, na anafuata jibu. Anayetaka dada yake ampate. Anayetaka faragha kamili naye ampate daktari peke yake.

Hatari yake ni kwamba swali linaweza kuulizwa kwa namna inayolifanya lisiwe swali. "Huna shida nikikuangalia, sivyo?" likisemwa kwa Kiswahili cha haraka kwa mama anayejua Kiturkana peke yake, kisha akatikisa kichwa, hiyo si idhini. Mahakama ya Rufaa ya Mombasa ilitoa funzo linalohusu jambo hili Machi 2018. Wanaume wawili waliokamatwa Ukunda mwaka 2015 walikuwa wamepelekwa hospitali kufanyiwa uchunguzi wa njia ya haja kubwa kwa nguvu ya dola. Mahakama iliamua kwamba uchunguzi huo ulikiuka haki zao. Aliye mikononi mwa mwenye nguvu hawezi kudhaniwa kuwa amekubali kwa sababu tu hakupiga kelele. Mgonjwa aliyelala bila nguo mbele ya aliyevaa koti jeupe hayuko chini ya ulinzi wa polisi, lakini mizani ya nguvu imemwelemea pia.

Lipi lina uzito zaidi

Nikipima haya yote, naona jibu la nne ndilo msingi, lakini halisimami bila nguzo za jibu la kwanza. Mgonjwa aamue, na kituo kilazimike kuwa na mtu wa kumpa. Hiari isiyo na mtu wa kuchagua ni maneno matupu. Na ulazima usio na hiari utawafukuza wale hasa wenye magonjwa ya kuonewa aibu. Jambo kuu ni kwamba msindikizaji awe wa mgonjwa: amchague yeye, amkatae yeye, na ajue kwamba akiona kosa anawajibika kwake, bila kujali cheo cha aliyelitenda.

Ndugu akaribishwe kama faraja, asihesabiwe kuwa shahidi. Mgonjwa aulizwe akiwa peke yake, japo kwa dakika moja, kabla ya ndugu kuingia. Mkalimani akae upande wa kichwa au nyuma ya pazia, na asifanywe msindikizaji kwa kuwa tu ndiye aliyepo. Kakuma, pale mgonjwa anapomwogopa mkalimani wa jamii yake, tafsiri kwa simu kutoka kwa mtu asiyemjua ni afadhali kuliko uso anaokutana nao kisimani. Askari asikae upande wa kitanda, isipokuwa pale ambapo usalama wa watu unadai hivyo waziwazi.

Kwa zahanati ya muuguzi mmoja, suluhisho lipo karibu. Tangu Septemba 2023 serikali imewatuma wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchini kote. Kila kituo kinaweza kuwafunza wanawake watatu au wanne miongoni mwao, kutoka koo na vijiji tofauti, wajue uchunguzi halali unaendaje na waape kutunza siri, ili mgonjwa awe na wa kuchagua. Uchunguzi usio wa dharura upangiwe siku maalumu ambapo angalau mmoja wao yupo. Atakayekataa wote achunguzwe bila wao, na iandikwe hivyo. Naye mhudumu asiyeridhika kufanya uchunguzi bila shahidi ana haki ya kumpa rufaa mgonjwa asiye na dharura, mradi gharama ya safari isimwangukie mgonjwa.

Kuna jambo ambalo mjadala huu hulisahau: uchunguzi mwingine hauhitajiki kabisa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa lilitaka vipimo vya ubikira vikomeshwe, kwa kuwa havina msingi wa kitabibu. Kwa saratani ya mlango wa kizazi, shirika hilohilo linakubali mwanamke ajichukulie mwenyewe sampuli ya kupima virusi vya HPV, na mwongozo wake wa 2021 unavipendelea vipimo hivyo. Atakayekutwa na virusi bado atahitaji kuangaliwa na mhudumu, lakini wengi watakuwa wamepimwa bila kuvuliwa nguo mbele ya yeyote. Kwa kliniki tembezi za Turkana Kaskazini hakuna uwekezaji unaolinda faragha kama huo.

Hayo yote yanahitaji karatasi moja ya sera kutoka idara ya afya ya kaunti, iandikwe kwa Kiturkana na Kiswahili, na kwa lugha za wakimbizi huko Kakuma na Kalobeyei, ibandikwe mlangoni pa kila chumba cha uchunguzi. Inahitaji mstari mmoja katika faili la mgonjwa unaotaja nani alikuwapo na nani alikataliwa. Inahitaji pazia lisilopitisha mwanga na komeo la ndani. Idara ya afya Lodwar inaweza kuyaanza haya ndani ya bajeti ya mwaka mmoja, na wabunge wa kaunti wanapaswa kuiuliza kwa nini bado. Tunaposubiri, mgonjwa na ajue kwamba anaweza kuuliza kila aliyemo chumbani ni nani na amekuja kufanya nini, anaweza kumtoa, na anaweza kusema "simama" katikati ya uchunguzi. Mhudumu wa kweli atasimama.